"Mtandao hakuna": Kauli moja, watu wawili

Tukuyu. Ukitoka Uyole kushuka Kasumulu kwa barabara kuu, simu haikusumbui sana. Kiwira kuna mtandao, Tukuyu mjini kuna mtandao, na ni kwa ukanda huu Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unakwenda kuungana na Malawi. Shughuli huanza ukiacha lami. Unashuka bonde, unapanda mgongo wa pili, migomba inakufunika pande zote, na vile vijistari vya mtandao vinapungua kimoja kimoja hadi simu inabaki kuwa saa na tochi. Huko ndiko waliko wachumaji wa chai, wakulima wa ndizi, viazi na parachichi, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Huko pia ndiko kila taasisi inayotaka kuwasajili, kuwahudumia au kuwatoza ushuru inakolazimika kupeleka mfumo wake.

Chukua mwaka 2022 peke yake. Februari ilizinduliwa Operesheni ya Anwani za Makazi, na taarifa za nyumba zikaanza kuingizwa katika programu ya NaPA. Agosti 8, katika kilele cha Nanenane kwenye Viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea, iliyomtaka mkulima asajiliwe kwenye mfumo ndipo anunue mfuko kwa bei nafuu. Wiki mbili baadaye, Agosti 23, makarani wa Sensa waliingia vijijini na vishikwambi badala ya mafungu ya madodoso ya karatasi. Juu ya hayo, mashine za POS za kukusanyia mapato ya halmashauri zilikuwa tayari sokoni na kwenye mageti. Mifumo hiyo ina wenyewe tofauti, lakini ikifika kijijini aghalabu hupitia mlango mmoja: ofisi ya mtendaji.

Uzinduzi huwa na meza kuu, hotuba na picha. Kinachozungumzwa kidogo ni kinachotokea wageni wakishaondoka, pale mfumo unapobaki mikononi mwa mtu mmoja kwenye mgongo wa mlima, na chaji asilimia 20. Kauli inayosikika kuliko zote hapo ni "mtandao hakuna". Inasemwa na karani mwaminifu aliyeloa mvua akiwa na foleni ya wakulima mbele yake. Inasemwa pia na mkusanya ushuru aliyezima mashine kwa makusudi. Mfumo usioweza kuwatofautisha hao wawili haujakamilika, hata kama umeshazinduliwa.

Chai haisubiri mnara

Rungwe, wilaya uliko mji wa Tukuyu, ni wilaya ya mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayoistawisha chai, na ndiyo inayovitesa vifaa. Kioo cha simu janja hutambua kidole kwa umeme mdogo wa mwili. Kikilowa, matone ya maji nayo huhesabiwa kuwa vidole, tarakimu zinaruka, na kilo 18 zinaweza kuingia kama 188. Mbunifu aliyejaribu programu yake ofisini Dar es Salaam, mezani, kwenye kiyoyozi, hawezi kuligundua hilo. Atakayeligundua ni karani wa mizani, siku ya kwanza ya masika.

Wakulima wadogo wa chai wa hapa si wageni wa taasisi kubwa. Umoja wao, unaojulikana kwa kifupi kama RSTGA, uliingia katika umiliki wa Wakulima Tea, kampuni iliyoendesha viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Biashara yao ina sharti moja lisilojadilika: jani bichi likishachumwa linaanza kunyauka na kupata joto ndani ya gunia, kwa hiyo linatakiwa lifike kiwandani siku hiyohiyo. Lori likifika kituoni, linapakia na kuondoka. Hakuna dereva atakayezima injini eti mtandao urudi.

Kwa miaka mingi kazi ya kituo iliendeshwa kwa mizani ya kuning'iniza na daftari la kaboni. Karani anapima, anaandika, mkulima anapewa nakala. Baadaye mtu mwingine ofisini anazinakili zile namba upya, na mwingine anazijumlisha mwisho wa mwezi. Kila kunakili ni nafasi ya kosa, na kila kosa ni ubishi siku ya malipo. Malalamiko ya kukatwa kilo ni ya zamani kama kilimo chenyewe cha chai ya wakulima wadogo katika Afrika Mashariki.

Jirani zetu Kenya walilivalia njuga tatizo hilo mapema. Shirika la KTDA, linalosimamia chai ya wakulima wadogo nchini humo, liliingiza mizani za kielektroniki zinazompa mkulima risiti papo hapo. Kampuni ya Nairobi iitwayo Virtual City nayo ilitengeneza Agrimanagr, mfumo wa kupima na kurekodi mazao ya wakulima kwa simu, na mwaka 2010 ikashinda shindano la Nokia lenye uwekezaji wa dola milioni 1 za Marekani. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza: mizani inatuma uzito kwenye simu bila waya, simu inauunganisha na namba ya mkulima, printa ndogo inatoa karatasi. Karani haandiki kilo kwa mkono, kwa hiyo hawezi kuzikosea wala kuzipunguza kwa kalamu.

Hata hivyo, simu haiwezi kuwa na ukweli zaidi ya mizani iliyounganishwa nayo. Mizani ikidanganya, simu itaupeleka uongo huo makao makuu kwa haraka zaidi, tena na risiti safi. Ndiyo maana stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani haijapoteza kazi yake kwa kuja kwa programu. Taasisi inayonunua simu mpya na kuacha mizani bila kuhakikiwa imenunua nusu ya mfumo.

Programu inayojua kusubiri

Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliingia mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, mnara ukisimama juu ya mgongo mmoja, nyuma ya mgongo wa pili kuna kivuli, na Rungwe ni nchi ya migongo. Anayejenga mfumo wa kutumika hapa aanze na dhana kwamba mtandao utakosekana, kisha aufurahie ukipatikana.

Programu nzuri ya kijijini hufanya kazi kama mwenye duka anayeandika mauzo ya mchana kwenye daftari na kuyajumlisha jioni. Inahifadhi kila kitu ndani ya simu, inatoa risiti, inaendelea na mteja anayefuata, kisha inatuma yote ikikutana na mtandao. Vishikwambi vya Sensa vilitumika kwa msingi huo: karani anamhoji mkuu wa kaya penye mtandao na pasipo na mtandao, taarifa zinatumwa baadaye.

Ugumu umo katika mambo madogo. La kwanza ni namba ya muamala. Programu ikisubiri makao makuu yaipe namba, haiwezi kutoa risiti bondeni. Kwa hiyo kila simu lazima ijitengenezee namba zake, zisizoweza kugongana na za simu nyingine: utambulisho wa kifaa, tarehe na mfuatano. Bila hivyo, simu ikituma mzigo wake mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika katikati, mkulima mmoja anaonekana ameuza mara mbili, na mhasibu wa Tukuyu anamaliza wiki nzima akitafuta chai ambayo haikuwapo.

La pili ni saa. Simu iliyozimika chaji ikawashwa upya inaweza kurudi na tarehe isiyo sahihi, na mauzo ya leo yakaingia katika mwezi uliokwishafungwa. La tatu ni orodha. Simu iliyo nje ya mtandao kwa wiki mbili haijui kwamba mkulima fulani amehamishiwa kituo kingine, wala kwamba bei imebadilika.

Hili la bei lina mfano wa wazi. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia tano hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa mazao ya chakula, na ikafuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja. Sheria hubadilika Dodoma kwa siku moja. Kwenye mageti ya halmashauri hubadilika kifaa kwa kifaa. Mashine ambayo haijapata toleo jipya itaendelea kutoza kiwango cha zamani, na mwenye ndizi zake hatakuwa na la kumwambia mtoza ushuru ambaye naye anaonyesha kile mashine ilichoandika. Ndiyo maana kusambaza masasisho si kazi ya kumwachia fundi akumbuke. Lazima ofisi ijue, kwa kila kifaa, kina toleo gani na kilionekana lini mara ya mwisho.

Nje ya mtandao kunapogeuka maficho

Sasa tuje kwa yule mtu wa pili, mkusanya ushuru aliyezima mashine kwa makusudi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa zimetaja mwaka baada ya mwaka mashine za POS zilizokaa nje ya mtandao kwa muda mrefu, na mapato yaliyokusanywa yasipelekwe benki. Uwezo uleule unaomsaidia karani wa chai kufanya kazi bondeni unampa mkusanya mapato asiye mwaminifu mahali pa kujificha: anatoza, anatoa risiti, na makao makuu hayaoni kitu hadi atakapoamua yeye.

Wapo wanaodhani dawa ni kuondoa kabisa uwezo wa kufanya kazi bila mtandao. Dawa hiyo inamuua mgonjwa. Mashine inayogoma mtandao ukikatika itamrudisha karani kwenye daftari, na daftari lile litakuwa halina hata namba za mfuatano. Kinachotakiwa ni kuuwekea ukimya mipaka. Kwanza, kifaa kiruhusiwe kukaa kimya kwa saa zinazolingana na kituo chake, kisha kidai kutuma kabla hakijatoa risiti nyingine. Kiwekewe pia kikomo cha fedha kinazoweza kushika kabla ya kuhesabiwa.

Pili, ofisi iwe na ramani yake yenyewe ya mtandao. Vituo vya pembezoni vinajulikana, na kimya chao kina maelezo. Lakini mashine iliyo sokoni Kiwira au stendi ya Tukuyu ikikaa siku mbili bila kutuma chochote, hiyo si habari ya mtandao. Mfumo umwambie mweka hazina siku hiyohiyo, asisubiri mkaguzi wa mwakani.

Tatu, mlipaji awe shahidi. Mkulima aliyepima chai, au mfanyabiashara aliyelipia mzigo, apate ujumbe mfupi mara taarifa zake zinapofika makao makuu. Akiwa na karatasi mkononi na ujumbe haujaja baada ya siku mbili tatu, anajua pa kuuliza. Kwa chai kuna ushahidi mwingine wa bure: lori hupimwa tena getini kiwandani, na jumla ya vituo ikilinganishwa na uzito wa lori, tofauti isiyo ya kawaida hujionyesha.

Simu ya nani, bando la nani

Taasisi nyingi huanza kwa kumwambia mtumishi apakue programu kwenye simu yake mwenyewe. Ni rahisi kwa bajeti na ghali kwa kila kitu kingine. Sasisho la megabaiti 80 linakula bando alilonunua kwa fedha yake. Simu ikijaa picha za harusi, kinachofutwa kwanza ni programu ya kazi. Akihama kituo, anaondoka na majina, namba za simu na akaunti za wanakijiji mfukoni.

Tangu Mei 1, 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na taasisi inayokusanya taarifa za mkulima inawajibika nazo popote zilipo, ikiwa ni pamoja na ndani ya simu iliyosahaulika kwenye daladala ya Kyela. Nyenzo za kujikinga zipo. Simu za Android zina wasifu wa kazini, unaotenga programu na taarifa za ofisi na zile za mwenye simu, ili ofisi iweze kufuta zake bila kugusa picha za mwenye simu. Kwa vifaa vya taasisi yenyewe, kuna mifumo ya usimamizi inayomwezesha ofisa TEHAMA kusakinisha programu, kuzuia zisizohusika na kufuta kila kitu kwa mbali kifaa kikiibwa. Vishikwambi vya Sensa, ambavyo baada ya kazi hiyo viligawiwa walimu, ni mfano wa kwa nini usimamizi huo unahitajika: kifaa kikibadilisha kazi, vya kazi ya zamani visafishwe na vya kazi mpya viingizwe, na si rahisi kufanya hivyo kwa mkono shule kwa shule.

Kuna hatari nyingine katika njia ya kuisambaza programu. Kwa kuwa bando ni ghali, watu wamezoea kurushiana programu kwa Bluetooth, Xender au kundi la WhatsApp. Inaokoa fedha, lakini hakuna anayejua kama nakala iliyofika ndiyo iliyotoka ofisini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Katika mazingira hayo mwananchi ana haki ya kumuuliza ofisa anayemtaka aweke programu mpya: imetoka wapi, na nani ameithibitisha?

Swali hilo lina uzito hata kwa wakubwa wa dunia. Januari 2019 Apple iliifutia Facebook cheti kinachoruhusu kampuni kusambaza programu za ndani kwa wafanyakazi wake, baada ya Facebook kukitumia kuwapelekea watu wa nje programu ya utafiti. Siku hiyo programu zote za ndani za Facebook kwenye simu za iPhone ziligoma, hadi zile za ratiba ya mabasi ya wafanyakazi na menyu ya chakula. Siku iliyofuata Google nayo ikaonja adhabu hiyohiyo kwa muda. Kampuni zenye wahandisi maelfu zilisimama kwa sababu ya ufunguo mmoja.

Halmashauri nayo ina ufunguo wake. Kila programu ya Android hutiwa saini ya siri, na simu haitakubali sasisho lisilo na saini ileile. Ikiwa mkandarasi aliyeitengeneza ndiye pekee mwenye saini hiyo, siku mkataba ukiisha au wakikosana, halmashauri haiwezi kuongeza hata herufi moja. Italazimika kufuta programu kwenye kila kifaa na kuanza upya. Mkataba wowote wa mfumo usiotaja nani anamiliki saini na msimbo wake haufai kusainiwa.

Usikidharau kitochi

Katika haraka ya kununua vishikwambi, tunasahau kwamba mafanikio makubwa ya nchi hii yalipatikana kwa simu ndogo. Kati ya Septemba 2009 na Februari 2010, mradi wa SMS for Life uliviunganisha vituo 129 vya afya vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki mhudumu alitumiwa ujumbe ukimtaka ataje idadi ya dawa za malaria alizobaki nazo, akajibu kwa ujumbe mfupi usiomgharimu kitu, na aliyejibu kwa wakati akatuzwa muda wa maongezi. Katika wiki 21, vituo vilivyoishiwa aina moja au zaidi ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Majibu yalifika kwa asilimia 95. Hakuna kilichosakinishwa na hakuna bando lililohitajika.

Ukitazama vizuri utaona kwamba mradi ule ulijibu maswali ambayo miradi ya kisasa huyaruka. Gharama haikumwangukia mhudumu, naye alikuwa na sababu ya kujibu. Aliulizwa jambo moja tu, analolijua. Na majibu yake yalimfikia ofisa wa wilaya mwenye uwezo wa kuhamisha dawa kutoka kituo chenye nyingi kwenda kisicho nazo. Mfumo wa Serikali wa *152*00# unafuata njia hiyohiyo hadi leo: kitochi chochote kinaingia.

Hii haimaanishi turudi nyuma. Parachichi, kwa mfano, limeleta kazi ambayo kitochi hakiiwezi. Mwaka 2022 Tanzania na China zilitiliana saini itifaki ya kuuza tunda hilo huko, na masoko ya namna hiyo hutaka shamba lisajiliwe na asili ya tunda ijulikane. Kuchora mipaka ya shamba, kupiga picha ya ugonjwa wa jani, kusoma alama kwenye kreti: hayo yanataka simu janja. Busara ni kumpa ofisa ugani simu janja kwa kazi hizo na kumwachia mkulima ujumbe mfupi kwenye kitochi chake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupitisha fedha

Madiwani wa Rungwe na Busokelo, bodi za vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) na viongozi wa vyama vya wakulima hawahitaji kuwa wataalamu wa kompyuta ili kuulinda umma. Mfumo mwingine ukiletwa mezani, wamuulize aliyeuleta maswali haya. Umejaribiwa kwenye kituo kipi kisicho na mtandao, na wakati wa mvua? Kifaa kikikaa kimya, nani anajua, na baada ya saa ngapi? Mwananchi anabaki na ushahidi gani mkononi? Bando, chaji na kioo kilichopasuka vinalipwa na nani mwaka wa pili, fedha za uzinduzi zikishaisha? Saini na msimbo wa programu vinakaa kwa nani?

Asiyekuwa na majibu arudi akajipange. Na wewe mkulima, ukipimiwa au ukilipishwa, dai risiti, tunza namba yake, na usubiri ujumbe wa kuthibitisha. Usipokuja, nenda ofisini ukaulize. Mtandao kukosekana kwa siku moja ni jambo la kawaida milimani. Kukosekana kwa mwezi mzima kuna mtu wa kulijibia.